KUKATAA KAZI SI DENI, KUIRUDIA SI AIBU

Ndugu wafanyakazi,

Juma lililopita hapa Samburu, tulipokwisha kazi ya njia, niliwaambia wenzangu wa genge kwamba nataka kuandika barua kwa ofisi moja ya mawakili huko Mombasa, kuomba kazi ya utarishi. Ofisi hiyo hiyo ilinipa kazi hiyo mwaka 2021, nami nikaikataa. Basi wenzangu wakacheka sana. Mmoja akasema, "Wewe warudia matapishi yako." Mwingine akasema barua itatupwa kapuni kabla ya kusomwa.

Leo nawajibu, maana kicheko hicho ni ugonjwa wetu sisi wenyewe.

Kwanza, sikukataa kwa kiburi. Nilitajiwa mshahara kwa mdomo, na nilipoomba maandishi nikaambiwa, "Anza kwanza, karatasi zitafuata." Ofisi ya watu wa sheria! Na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 9, yataka kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba ulioandikwa. Nikashukuru, nikarudi kwenye mataruma yangu. Sasa mgongo umechoka, tena nasikia ofisi ile siku hizi yatoa mikataba. Mambo yamebadilika kwao na kwangu. Je, ni mimi tu nisiyeruhusiwa kubadilika?

Pili, mawakili wenyewe wajua neno hili kuliko sisi. Katika kesi ya Hyde na Wrench, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1840, mtu aliambiwa shamba ni pauni 1,000. Akataka kutoa 950, akakataliwa, kisha akasema haya, natoa 1,000. Korti ikasema la, toleo la kwanza limekwisha kufa. Basi kazi niliyoikataa imekufa pia. Siwezi kuidai. Lakini na mshahara ule mdogo umekufa pamoja nayo! Naomba upya, nao wataje upya. Hakuna anayemdai mwenzake.

Tatu, kumbukeni kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, na wazee wetu wakakivaa shingoni. Aliyemwacha bwana wake bila kutiwa sahihi alishikwa kama mwizi. Kipande kile kilikwisha, lakini wako mabwana wanaokiweka bado kichwani mwao: "Huyu alitukataa, asiingie tena." Nasi tukicheka, twawasaidia kukiandika.

Fikirini, ndugu. Ikiwa mtu akisema "sitaki" mara moja mlango unafungwa milele, nani atathubutu kusema tena? Kila mtu atapokea chochote atakachotupiwa. Mnamo Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, watu wa reli wakiwamo, kisha wakarudi kazini mle mle. Nani aliwaita watu wa matapishi? Kukataa na kurudi ndiyo silaha ya mtu asiye na mali ila mikono yake.

Sisemi kwamba sheria yawalazimisha kunichukua. Haiwalazimishi. Wana haki ya kusema hapana, kama niliyokuwa nayo mimi. Nataka barua yangu isomwe kama ya mwingine yeyote, basi.

Nanyi mtakaoandika barua kama hii, msijifiche. Semeni mwaka mliopewa kazi, semeni kwa adabu sababu ya kuikataa, semeni kilichobadilika. Msilie, msipige magoti, msijisingizie ugonjwa. Na mkikubaliwa, ombeni mkataba kabla ya kuvaa sare.

Shuleni misheni tulisoma habari za wana wawili. Mmoja alimwambia baba yake "ndiyo", asiende shambani. Wa pili alisema "sitaki", halafu akaenda. Mnajua ni yupi aliyesifiwa.

Barua yangu naitia posta Jumatatu. Anayetaka kucheka na aje anisaidie kununua stempu.

Wenu katika kazi,
Mtu wa Reli, Samburu