Umeme unaporudi ndipo friji huungua

WAFANYABIASHARA wa Biharamulo, Nyakanazi, Ngara mjini, Benaco na Kabanga wana kawaida moja. Umeme ukikatika hunung'unika, ukirudi mtaa mzima hushangilia. Lakini vyombo vingi haviungui gizani. Huungua wakati huo wa kushangilia.

Kwa miaka mingi wilaya hizi mbili zilitegemea jenereta za dizeli za TANESCO, nje ya gridi ya Taifa. Leo Nyakanazi kuna kituo cha kupozea umeme cha kilovolti 220, na Rusumo, wilayani Ngara, kufikia 2024 mitambo yote mitatu ya maji ilikuwa ikizalisha, jumla megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Ndiyo maana wapo wanaoamini kuwa mwenye duka jirani na Rusumo hana tena haja ya kujikinga. Hao wanajidanganya. Kati ya mtambo na soketi ya dukani kuna transfoma, nguzo na nyaya ndefu, na tawi moja la mkaratusi likiangukia waya linatosha kuharibu mambo.

Umeme wa nyumbani ni wa volti 230. Unaporudi, friji, pasi na mashine za kusaga za mtaa mzima huvuta kwa pamoja, hivyo umeme hushuka, hupanda, na pengine hukatika tena. Anayeumia zaidi ni mwenye friza. Kompresa ikizimika huhitaji dakika 3 hadi 5 ili presha ya gesi itulie. Ikilazimishwa kuanza mapema hukwama, huvuta umeme mwingi kupita kiasi, na koili yake huungua. Mwenye kuuza samaki na soda baridi hapo amepoteza mtaji, si chombo tu.

Hatari nyingine ni waya wa nyutro kukatika nguzoni. Nyumba inaweza kupokea umeme unaokaribia volti 400, na televisheni, redio na chaja zikafa kwa mpigo. Taa zikianza kuwaka kwa ukali usio wa kawaida huku nyingine zikififia, swichi kubwa izimwe mara moja, kisha TANESCO waarifiwe.

Kinga ipo. Friji gadi hukata umeme ukiwa mdogo au mkubwa mno, na husubiri dakika kadhaa kabla ya kuurudisha. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya friza, lakini utamkuta mtu kanunua friza ya pili kabla ya gadi ya kwanza! Kule mwisho wa laini, ambako umeme ni mdogo kila jioni, stebilaiza inayolingana na ukubwa wa chombo ndiyo inayofaa. Ekstensheni yenye taa nyekundu, ambayo wengi huiamini, mara nyingi haikingi chochote. Na fundi asiruhusiwe kuondoka bila kufunga waya wa ardhi.

Kwa radi, hakuna kifaa cha dukani cha kutegemea. Mawingu yakitanda, plagi zichomolewe, pamoja na waya wa dishi.

Hata hivyo si haki mzigo wote abebeshwe mteja. Kufyeka miti chini ya nyaya na kubadilisha transfoma iliyozidiwa ni kazi ya mwenye mtandao, na mteja ameshalipia huduma hiyo kwenye LUKU. Tatizo ni kwamba wengi huishia kulalamika kijiweni. Malalamiko yapelekwe kwa maandishi ofisi ya TANESCO ya wilaya, yakiwa na tarehe, saa, namba ya mita na risiti ya chombo kilichoungua, na nakala ibaki kwa mteja. Asiporidhika na majibu, EWURA hupokea malalamiko ya aina hiyo, na nakala ile ndiyo atakayoulizwa kwanza.