Kumchagua Jemadari wa Uwanjani

Kila askari aliyepitia mafunzo anaikumbuka siku ya ukaguzi. Vijana husimama mstarini, wakapimwa kimo na uzito, wakasikilizwa mapafu, wakatazamwa meno na nyayo, kisha wakaamriwa kukimbia huku afisa ameshika saa mkononi. Jioni hutoka orodha: huyu afaa, huyu hafai. Lakini askari huyo anajua pia kwamba orodha ile haikuweza kueleza ni nani kati ya vijana wale ambaye, miaka michache baadaye, angetulia wakati wenzake wanababaika. Jambo hilo halipimwi kwa rula wala kwa mizani.

Huko Marekani uko mchezo ambao viongozi wake wametumia fedha nyingi na miaka mingi kutafuta jawabu la swali hilo. Wenyewe huuita futiboli, ingawa si kandanda ijulikanayo katika Afrika. Mpira wake una umbo la yai, hushikwa na kurushwa kwa mikono, na kila upande huingiza uwanjani watu 11. Upande wenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10. Ukishindwa, mpira huwaendea wapinzani. Mchezo huu, kwa jinsi unavyopangwa, unafanana na vita vya kuteka ardhi kidogo kidogo.

Katika watu hao 11, mmoja ndiye mwenye kuamrisha, naye huitwa kwotabeki. Tangu mwaka 1994 yeye hupokea maagizo ya kocha kwa redio ndogo iliyomo ndani ya kofia yake ngumu, akawaeleza wenzake mpango, kisha akasimama nyuma yao na kuutazama ulinzi wa adui. Zikibaki sekunde 15 katika saa ya kuanzisha mchezo, redio hukatwa. Tangu hapo yuko peke yake. Akiona adui amejipanga kinyume na ilivyotarajiwa, yampasa kuugeuza mpango kwa sauti yake mwenyewe. Mpira ukishamfikia mkononi, ana sekunde mbili au tatu tu za kuamua amrushie nani, hali watu wenye uzito wa kilo 120 na zaidi wanamjia mbio wapate kumwangusha. Anayetazama mbali na kusahau hatari iliyo karibu huangushwa. Anayeiogopa hatari iliyo karibu hamwoni mwenzake aliye huru mbali. Ustadi wa kwotabeki umo katika kuyaona yote mawili.

Basi, mtu wa namna hiyo hupatikanaje?

Ligi kuu ya mchezo huo, iitwayo NFL, ina timu 32. Tangu mwaka 1936 vijana watokao katika vyuo vikuu hugawanywa kwa uteuzi wa kila mwaka. Timu iliyofanya vibaya zaidi katika msimu uliopita huchagua kwanza, na bingwa huchagua mwisho katika kila mzunguko. Siku hizi mizunguko ni 7. Kijana hachagui timu. Timu ndiyo humchagua yeye. Nia ya utaratibu huu ni njema, yaani mnyonge apate nafasi ya kuinuka. Hata hivyo, mnyonge akikosea kumchagua kwotabeki, huwa ameipoteza nafasi ile pamoja na miaka ya kumngojea kijana akomae. Kocha hufukuzwa, wasaidizi wake huhama na familia zao, na kijana mwenyewe hubaki na jina la kushindwa.

Ili kujikinga na hasara hiyo, timu hupima. Kabla ya uteuzi, vijana zaidi ya 300 huitwa pamoja wakaguliwe, na tangu mwaka 1987 ukaguzi huo umekuwa na makao yake katika mji wa Indianapolis. Huko hupimwa kimo hadi sehemu ndogo ya inchi. Kiganja hunyoshwa na kupimwa kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, kwa kuwa mkono mdogo huhofiwa kuuponyokwa na mpira siku ya mvua. Huruka, hurusha mipira, na hukimbia yadi 40 huku saa ikihesabu sehemu za sekunde. Madaktari huchunguza magoti na mabega yao. Kisha huketi mbele ya makocha na kuulizwa maswali, na pengine kijana huamriwa kueleza kwa kuchora ubaoni kwa nini alikosea katika mchezo fulani wa mwaka uliopita. Kwa miaka mingi ulikuwapo pia mtihani wa maandishi, maswali 50 kwa dakika 12, uliokusudiwa kupima wepesi wa akili. Ligi iliuacha mwaka 2022.

Vipimo hivyo si upuuzi. Goti bovu halifichiki kwa moyo mkuu, wala mkono dhaifu hauwezi kuurusha mpira kuukata upepo. Kosa huanza pale kipimo kinapoaminiwa kwa sababu tu ni chepesi kukipata. Inchi hazina ubishi. Utulivu wa mtu una ubishi mwingi. Kwa hiyo wakubwa wanaobishana mezani huishia kuziegemea inchi.

Mfano ukumbukwao sana ni ule wa mwaka 1998. Vijana wawili walikuwa wakisifiwa kuliko wote: Peyton Manning wa chuo kikuu cha Tennessee, na Ryan Leaf wa chuo kikuu cha jimbo la Washington. Wajuzi waligawanyika. Leaf alikuwa na mwili mkubwa na mkono wenye nguvu, na wako walioona kwamba yeye ndiye angefika mbali zaidi. Timu ya Indianapolis, iliyokuwa na zamu ya kwanza, ilimchukua Manning. Timu ya San Diego ilikuwa imekwisha kutoa nafasi zake nyingine za uteuzi pamoja na wachezaji wawili ili ipate zamu ya pili, nayo ikamchukua Leaf.

Msimu wa kwanza haukumheshimu hata mmoja wao. Manning alirusha mipira 28 iliyodakwa na adui, na timu yake ikashinda michezo 3 tu kati ya 16. Lakini kila kosa alilichukua kuwa somo. Alikaa na filamu za michezo, akazitazama na kuzirudia, na viongozi wake hawakumtupa. Mwaka uliofuata timu hiyo ilishinda michezo 13. Mwisho wa safari yake alikuwa amechaguliwa mchezaji bora wa ligi mara tano, na kutwaa ubingwa na timu mbili tofauti. Leaf, kwa upande wake, aligombana na waandishi wa habari, akaumia bega, akapoteza imani ya wenzake, na kufikia mwaka 2002 alikuwa ameuacha mchezo. Baadaye alinaswa na dawa za kulevya, akafungwa; alipotoka akaanza kuwasaidia watu waliopatwa na msiba kama wake. Siku ya ukaguzi hapakuwa na kipimo kilichoonyesha ni yupi kati ya wawili wale angeweza kustahimili aibu ya kushindwa mbele ya watu wengi.

Miaka miwili baadaye kosa lilitokea kwa upande mwingine. Mwaka 2000 alikaguliwa kijana mwembamba, Tom Brady wa chuo kikuu cha Michigan. Alikimbia yadi 40 kwa sekunde 5.28, mwendo wa kuchekesha kwa mchezaji wa ligi ile. Timu zilimpita mzunguko baada ya mzunguko. Makwotabeki sita waliitwa kabla yake, naye akachaguliwa na timu ya New England akiwa wa 199. Hata hivyo, filamu za chuo zilikuwapo, na zilikuwa zikisema jambo jingine. Katika msimu wake wa mwisho Brady alilazimishwa kugawana nafasi na kijana mdogo aliyesifiwa kuliko yeye. Hakususa, na mara kwa mara aliingia timu ikiwa nyuma akaiokoa. Mwezi Septemba mwaka 2001 kwotabeki mkuu wa New England aliumizwa vibaya, Brady akaitwa, na mwezi Februari mwaka 2002 timu ikatwaa ubingwa. Alipostaafu mwaka 2023 alikuwa na ubingwa mara saba.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba, katika fainali ile ya mwaka 2002, kwotabeki wa upande wa pili alikuwa Kurt Warner, ambaye hakuna timu iliyomtaja katika uteuzi wake. Mwaka 1994 timu moja ilimjaribu ikamwachisha, akafanya kazi ya kupanga bidhaa katika rafu za duka usiku kabla ya kurudi uwanjani. Hivyo, siku ya mchezo mkubwa kuliko yote, majemadari wote wawili walikuwa watu waliodharauliwa na mizani.

Liko kosa jingine zito zaidi, kwa maana halikutokana na upungufu wa vipimo bali na ubaguzi. Kwa miongo mingi Wamarekani weusi walionekana wanafaa kukimbia na kudaka, lakini hawafai kuamrisha. Kijana mweusi aliyekuwa kwotabeki hodari chuoni aliambiwa abadili nafasi. Warren Moon aliiongoza timu ya chuo kikuu cha Washington kushinda mchezo mkuu wa mwezi Januari mwaka 1978, akatangazwa mchezaji bora wa siku ile. Hata hivyo, alipoona kwamba timu za nyumbani hazikuwa tayari kumpa nafasi yake, alivuka mpaka kwenda Kanada, na katika uteuzi wa mwaka ule jina lake halikusomwa. Huko Edmonton aliisaidia timu kutwaa kombe mara tano mfululizo. Mwaka 1984 Houston ilimrudisha Marekani, na mwaka 2006 akawa kwotabeki mweusi wa kwanza kuingizwa katika jumba la mashujaa wa mchezo huo.

Aliyeubomoa ukuta huo mbele ya macho ya taifa zima alikuwa Doug Williams. Mwezi Januari mwaka 1988 aliiongoza timu ya Washington kuishinda Denver kwa pointi 42 kwa 10, akawa kwotabeki mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa ligi. Miaka 35 baadaye, mwezi Februari 2023, makwotabeki wa pande zote mbili za fainali walikuwa weusi, Patrick Mahomes na Jalen Hurts. Haihesabiki ni vijana wangapi, katikati ya miaka hiyo na kabla yake, waliopoteza nafasi si kwa sababu walipimwa wakaonekana pungufu, bali kwa sababu hawakupimwa kabisa.

Habari ya huyo Mahomes inafundisha jambo la mwisho, yaani kwamba kuchagua ni nusu ya kazi. Mwaka 2017 timu ya Kansas City ilitoa nafasi zake kadhaa ili ipande kutoka zamu ya 27 hadi ya 10 na kumchukua. Baada ya gharama hiyo yote haikumwingiza vitani mara moja. Ilimweka nyuma ya Alex Smith, mchezaji mkongwe, ili amtazame anavyojiandaa, anavyosoma adui, na anavyoishi wiki nzima kabla ya mchezo. Msimu ule Mahomes alianza mchezo mmoja tu, ule wa mwisho. Msimu uliofuata alirusha mipira 50 ya kufunga akawa mchezaji bora wa ligi. Vijana wengi wenye kipawa wametupwa katika timu mbovu siku ya kwanza, wakabadilishiwa kocha kila mwaka, kisha wakaambiwa hawakuwa na kitu. Si rahisi kujua ni wangapi kati yao walikosewa na mchaguzi, na ni wangapi walikosewa na mlezi.

Walimwengu husema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Maneno hayo hayahusu viwanja vya Marekani peke yake. Ofisa anayemtafuta koplo wa kuongoza kikosi kidogo cha doria huvutiwa kwanza na kifua kipana na sauti ya kuamrisha, na vyote viwili ni vitu vyema. Lakini yampasa pia kuuliza: siku ile gari lilipokwama na mvua ikinyesha, ni nani aliyetulia? Ni nani aliyekosea, akakiri, asirudie? Ni nani ambaye wenzake humtazama bila kuamrishwa? Majibu ya maswali hayo hayapatikani kwa siku moja ya ukaguzi. Hupatikana kwa kukaa na watu na kuwatazama wakifanya kazi.

Nyumbani mambo ni yale yale. Mzazi huwa mwepesi wa kumtaja mtoto mmoja kuwa ndiye mwenye akili, kwa sababu alama zake shuleni ni za juu, na kumwacha mwingine ambaye alama zake ni za kadiri lakini hachoki wala hakati tamaa. Alama ni kipimo, na kipimo kina manufaa yake. Yafaa tu mzazi asifunge kitabu mapema. Yule mtoto wa 199 katika orodha naye anatazama, na anajua kama bado anahesabiwa.