Mabweni Yetu Wakati wa Likizo: Nani Mwenye Haki ya Kwanza?

  

Ndugu Waislamu, kila unapowadia mwezi wa Juni, na kisha Desemba, wanafunzi wa shule na madrasa zetu za bweni hufunga matranka yao na kurejea makwao. Majengo hubaki karibu matupu kwa wiki kadhaa. Hapo ndipo wanapokuja wabisha hodi: huyu anataka bwalo kwa ajili ya harusi ya mwanawe, yule ana semina ya siku tano na wajumbe wake hawana pa kulala, mwingine ana timu ya mpira, na mwingine ana magunia ya mahindi. Swali la kama yafaa kuyakodisha majengo hayo nimeulizwa hapa Kizwite zaidi ya mara moja, tena mara nyingi baada ya swala, muulizaji akiwa ameshika viatu mkononi na anataka jibu la neno moja. Jibu la neno moja sinalo.

Kwanza tuwatendee haki wasimamizi wetu. Mzazi hulipa ada kwa muhula, na wengi hulipa kwa kuchelewa, ilhali mwalimu, mpishi na mlinzi wanakula miezi 12. Tuliliona hili waziwazi mwaka 2020, pale shule zote nchini zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya maradhi ya korona na nyingi zisifunguliwe hadi tarehe 29 Juni. Miezi ile mitatu taasisi nyingi zisizo za serikali hazikuwa na senti ya kumlipa mwalimu. Kwa hiyo msimamizi anayelitazama bwalo tupu na kuliona kuwa ni riziki iliyolala, si mwenye tamaa. Ana deni la mshahara wa watu.

Wala sheria yetu haikatai mali ya waqfu kuzalisha. Asili ya mlango huu ni ile ardhi ya Khaybar aliyoipata Sayyidna Umar (RA), akamwendea Mtume (SAW) kutaka ushauri, akaelekezwa aizuie asili yake na ayatoe sadaka mazao yake. Isiuzwe, isitolewe zawadi wala isirithiwe. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim, na ndani yake msimamizi ameruhusiwa kula kwa wema pasina kujilimbikizia. Kwa msingi huo Waislamu waliendesha vyuo vyao kwa karne nyingi. Nizamiyya ya Baghdad, iliyofunguliwa mwaka 459 Hijria, sawa na mwaka 1067 Miladia, ilikuwa na soko lililowekwa waqfu kwa ajili yake, na kodi ya maduka ndiyo iliyowalisha wanafunzi.

Lakini zingatia, ndugu msomaji: kilichokodishwa pale ni maduka. Wanazuoni wamepambanua baina ya waqfu uliowekwa ili mapato yake yatumike, kama shamba na duka, na waqfu uliowekwa ili wenyewe utumiwe, kama msikiti, kisima na nyumba ya wanafunzi. Cha kwanza usipokikodisha umekidhulumu. Cha pili una mashaka nacho mpaka uthibitishe.

Imam an-Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ameligusa jambo hili katika Rawdatut-Talibin kwa ufupi unaotosha. Anasema kwa maana kwamba Mwislamu yeyote yuko huru kuingia katika madrasa, kula, kunywa na kulala humo, kwa kadiri desturi ilivyozoeleka. Ama kuvifanya vyumba vyake makazi ya asiyekuwa mwanafunzi wa elimu, hutazamwa kwanza kauli ya mwekaji waqfu. Akiwa ameruhusu au amekataza, hufuatwa alilosema. Akiwa amenyamaza, lililo dhahiri ni kukatazwa, ingawa Imam ameacha uwezekano kwa mji ambao desturi yake imekwishapita hivyo. Na huyu hakusema kwa kukisia. Alipoletwa Damascus mwaka 649 Hijria akiwa kijana wa miaka 18 au 19, alikaa katika madrasa ya Rawahiyya na kula posho yake. Alikuwa mwanafunzi wa bweni.

Sasa turudi kwetu. Mabweni yetu mengi hayana hati ya waqfu yenye masharti. Yamejengwa kwa michango ya Ijumaa: huyu mfuko wa saruji, yule bati mbili, bibi mmoja debe la maharage likauzwe. Kwa hiyo wasimamizi husema, "Hakuna sharti, tunao uhuru." Mimi naona sharti lipo. Yule aliyesimama baada ya swala akatangaza mchango alisema nini? Alisema, "Tunajenga bweni la watoto wetu wanaosoma Qur'an." Kwa neno hilo ndipo yule bibi alipofungua fundo la kanga. Neno la mchangishaji, ambalo watu walitoa kwa kuliamini, lina nguvu ya sharti la mwekaji waqfu, na halifutwi na kikao cha watu watano.

Je, ina maana bweni lisikodishwe kabisa? La. Ninachosema ni kwamba mwanafunzi ndiye mwenye haki ya kwanza, na haki yake haifungwi likizo inapoanza. Kinachoweza kukodishwa ni kile tu kinachobaki baada yake.

Nayasema haya kwa sababu nimeshiriki katika kosa lenyewe. Katika madrasa moja niliyowahi kufundisha, likizo ya Juni ilipofika walibaki watoto saba. Wanne ni mayatima ambao hawana pa kwenda, watatu kwao ni mbali na nauli haikupatikana. Kamati ikalikodisha bweni kwa siku tisa kwa kundi la wanasemina. Wale saba wakahamishiwa darasani, kwenye mikeka na magodoro mawili. Sumbawanga iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwenyeji wa uwanda huu wa Ufipa hahitaji kuelezwa Juni ni baridi gani usiku, katika chumba chenye madirisha ya nondo yasiyo na vioo. Zamu ilikuwa yangu. Nilihamisha mablanketi kwa mikono yangu, nikajiambia kuwa fedha ile ni kwa maslahi yao. Usiku wa tatu mtoto mmoja akaniuliza, "Ustadh, wageni wakiondoka, tutarudi kwetu?" Kwetu kwake ni kile kitanda cha chini karibu na mlango.

Allah (SW) amelitaja jambo la yatima mara nyingi katika Kitabu chake, na katika Suratul-Maa'uun kumsukuma yatima kumefanywa alama ya mwenye kuikadhibisha dini. Sisi hatukumsukuma kwa mkono. Tulimsukuma kwa mkataba.

Kuna aina ya ukodishaji ambayo kwa hapa kwetu ni hatari kuliko zote, nayo ni ya mahindi. Likizo ya katikati ya mwaka huangukia majira ya mavuno, na mkoa wa Rukwa ni ghala la nchi. Mfanyabiashara asiye na ghala huliona bwalo la shule, lina sakafu ya saruji na paa zima, naye hulipa vizuri na hana kelele. Lakini mahindi hayawekwi hivihivi. Huwekewa vidonge vya kufukiza wadudu. Vidonge hivyo vinapokutana na unyevu wa hewa hutoa gesi inayoua wadudu na panya, na inaua binadamu vilevile. Gesi hiyo hupenya penye upenyo wa mlango na wa dari. Haifai kabisa kuweka mzigo wa namna hiyo chini ya paa moja na chumba anacholala mtu, na haifai kuwarejesha wanafunzi kabla mtu mwenye ujuzi hajathibitisha kuwa jengo limepata hewa ya kutosha na mabaki ya vidonge yameondolewa. Nafaka ina maghala yake. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula yupo papa hapa Sumbawanga. Bwalo la watoto si ghala, na hapa sioni nafasi ya ijtihadi.

Ama nani apangishwe, watu wamelikuza jambo hili kuliko linavyostahili. Kukodisha mahali kwa ajili ya pombe, dansi au kamari ni batili, na hilo halina mjadala. Harusi ya Mwislamu yenye muziki hadi alfajiri nayo haiwi halali kwa kuwa bwana harusi ni mjukuu wa imamu (na hapa ndipo kamati nyingi hushindwa kusema hapana). Ama majirani zetu wasiokuwa Waislamu, nao ndio walio wengi katika mkoa huu, hakuna ubaya kuwapangisha wauguzi wao walio katika mafunzo, au timu ya wanafunzi kama zile za UMISSETA ambazo kila mwaka hulala katika shule na vyuo. Thumama bin Uthal alifungwa katika nguzo ya msikiti wa Mtume (SAW) kabla hajasilimu, na msikiti haukunajisika. Ibada zao ndizo tusizozipangishia, nao wanalielewa hilo likisemwa mapema na kwa adabu, kama sisi tusivyotarajia kupewa kanisa tuswalie Idi.

Na penye msiba hakuna kupangisha. Maporomoko ya tope yalipoikumba Katesh, wilayani Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, waliopoteza nyumba walihifadhiwa katika majengo ya shule. Likitokea la namna hiyo kwetu, Allah atuepushe, mlango ufunguliwe bure kwa kila mtu bila kuuliza dini yake.

Limebaki la fedha. Nimeona mikataba ya mdomo, nimeona pango likipokewa kwa simu ya mjumbe mmoja, na nimeona godoro 12 zikirudi zimechanika bila mtu wa kudaiwa. Mkataba uandikwe, utaje siku, idadi ya watu, vitu vilivyokabidhiwa na dhamana ya uharibifu. Fedha iingie katika akaunti ya taasisi. Mpangaji akiwa kampuni au taasisi, sheria humtaka akate kodi ya zuio ya asilimia 10 katika pango na kuiwasilisha TRA. Msimamizi asiyelijua hili hudhani ameibiwa. Mjumbe wa kamati asikodishe kwa nduguye kwa bei asiyopewa mwingine. Na pato lenyewe lianze kurudi kwenye jengo lililolizalisha, yaani vioo, magodoro na nyaya za umeme, kabla ya kupelekwa kwenye kitu kingine. Bweni la wasichana mimi naona lisikodishwe kwa wanaume hata kwa usiku mmoja. Vitu vyao vinabaki humo, na mzazi aliyetukabidhi bintiye hakukubali hilo.

Kwa kuwa mabweni yaliyopo hayana hati, naziomba kamati zetu ziziandike sasa, kabla ya likizo ijayo, wakiwepo wachangiaji walio hai, na isomwe msikitini siku ya Ijumaa ili mwenye pingamizi aseme. Hati hiyo itaje vyumba visivyokodishwa kamwe, itaje idadi ya vitanda vya watoto wanaobaki, na itaje kuwa vitanda hivyo ni vile vile wanavyolalia siku za masomo. Sisi walimu ndio tunaowajua kwa majina watoto ambao likizo ikifika hawafungi tranka. Majina hayo yawe mezani pa kamati kabla mgeni yeyote hajajibiwa.