Ua la Usambara Barazani



Baadhi ya vijana wa hapa Pangani, yaani Pangani yetu ya Kibaha wala si ile bandari ya Tanga, wameniuliza habari za ua liitwalo viola. Wamesikia kuwa ni gumu na huchanua muda mrefu. Ni kweli, lakini ugumu wake ni wa kustahimili baridi. Huko Uingereza huvumilia hata baridi inayogandisha maji. Kwetu jua la kaskazi hulinyausha upesi. Mwenye bustani Lushoto na ajaribu. Sisi watu wa pwani yatupasa tutafute jingine.

Nalo lipo, tena ni letu. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona katika misitu ya Usambara mmea mfupi wenye majani ya manyoya na maua ya urujuani. (Bwana huyu alikuwa amekwisha kutoa kitabu cha kuwafunza Wajerumani Kiswahili, mwaka 1890.) Alipeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland wa Hannover akaupa mmea jina la Saintpaulia. Leo ua hili limejaa madirishani Ulaya na Marekani, na wengi wa wenye kulinunua hawajui kwamba kwao ni Tanga. Halina udugu na viola, wamefanana sura tu. Lakini likitunzwa huchanua karibu mwaka mzima.

Ajabu ni kwamba, wakati huku ng'ambo likizidi kuenea, msituni linapungua. Huota juu ya miamba yenye unyevu chini ya kivuli cha miti mikubwa. Miti ikikatwa mwamba hukauka, na ua hufa. Kwa hiyo akija mtu kukuuzia mmea uliong'olewa msituni, usinunue, hata kwa bei rahisi.

Wala hakuna haja, kwani jani moja kutoka kwa jirani latosha. Likate pamoja na kikonyo chake, ulichomeke katika mchanga wenye unyevu, uliweke kivulini. Baada ya wiki chache hutoa mizizi, kisha vichipukizi. Kila kichipukizi kihamishie katika kopo dogo lililotobolewa chini, lenye udongo mwepesi uliochanganywa na majani yaliyooza. Kopo kubwa huozesha mizizi.

Liweke barazani mahali penye mwanga wa asubuhi na upepo, mbali na jua kali. Majani yasirowe, maana hupata mabaka. Maji yaliyobaki katika birika la udhu yanafaa sana: yamimine katika sahani chini ya kopo, na baada ya nusu saa mwaga yaliyosalia. Maua yaliyonyauka yachumwe kila mara, ndipo mapya yatokeze.