Sisi Tulio Mgongoni mwa Maji



Kila paa la nyumba lina mgongo wake. Matone mawili ya mvua yaweza kuanguka juu ya mgongo huo yakiwa yametengana kwa upana wa kiganja tu. Moja likateremka upande wa mbele wa nyumba, jingine upande wa nyuma, wala yasionane tena. Nchi nayo ina mapaa yake. Milima na nyanda za juu ndizo migongo inayoyagawa maji ya mvua na kuyaelekeza yaende bonde lipi, ziwa lipi, bahari ipi. Sisi wa Kifanya, pamoja na ndugu zetu wa Njombe na Makambako, tunaishi katika nyanda zenye mgongo wa namna hiyo. Katika tafakari ya juma hili napenda tulitazame jambo hili kwa makini, kwa sababu linagusa mashamba yetu, miti yetu na dhamiri zetu.

Tuanze na safari ya maji yenyewe. Mto Ruhudji, ambao maporomoko yake huonekana karibu na mji wa Njombe kando ya barabara iendayo Makambako, huteremka kuelekea mashariki hadi bonde la Kilombero. Mto Kilombero hukutana na Luwegu, na hapo ndipo Rufiji huzaliwa. Rufiji huingia Bahari ya Hindi kupitia misitu ya mikoko, mkabala na kisiwa cha Mafia. Upande wa kusini wa nyanda zetu hizi hizi huanzia mto Ruhuhu. Huo huzunguka na kugeukia magharibi, ukaingia Ziwa Nyasa karibu na Manda. Ziwa nalo hutoka upande wake wa kusini kwa mto Shire, nchini Malawi. Shire huungana na Zambezi nchini Msumbiji, na Zambezi humwagika katika Bahari ya Hindi ile ile, lakini zaidi ya kilomita 1,000 kusini ya mdomo wa Rufiji. Kwa hiyo mvua ya alasiri moja katika nyanda hizi yaweza kunywesha mashamba ya mpunga ya Ifakara na pia kuongeza maji ya ziwa ambalo wavuvi wa Manda na Nkhata Bay hutegemea.

Upande wa kaskazini-magharibi, maji ya safu ya Kipengere hushuka Usangu na kuingia Ruaha Mkuu. Na wale wanaosafiri zaidi huona migongo mingine. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 na ambayo ina stesheni hapa Makambako, hupita Mbeya na Tunduma na kuingia Zambia. Njiani maji hugawanyika tena: mengine huenda Ziwa Rukwa, ambalo halina njia ya kutokea baharini kabisa, na baada ya mpaka, mvua huingia mto Chambeshi, ambao maji yake hufika mto Kongo na hatimaye Bahari ya Atlantiki. Abiria asinziaye dirishani huvuka mpaka mkubwa wa bara la Afrika bila kuonyeshwa kibao chochote. Upande wa kaskazini-magharibi wa nchi yetu, mvua ya Kagera huingia Ziwa Victoria, kisha Nile, hata Bahari ya Mediterania. Ni nchi chache zinazogawa maji yake kwa bahari tatu namna hiyo. Serikali imeigawa nchi katika mabonde tisa ya maji, na mkoa wetu umo katika mawili ya hayo: ofisi ya Bonde la Rufiji iko Iringa, na ile ya Bonde la Ziwa Nyasa iko Tukuyu.

Kitabu cha Mwanzo chasimulia habari za mto uliotoka Edeni, ukagawanyika kuwa mito minne iliyokwenda katika nchi mbalimbali. Sidai kwamba Njombe ni Edeni, ingawa wakati wa baridi ya Juni wapo watakaokataa kabisa! Ninachotaka kusema ni kwamba aliyewekwa mahali maji yanapoanzia amewekwa huko ili alime na kutunza. Maneno hayo mawili yamo katika sura ile ile, na yametajwa pamoja.

Sasa nifikie hoja yangu. Mtu wa bondeni akikosa maji, huwa na mtu wa kumwuliza. Mkulima wa mwisho wa mfereji humwendea aliye juu yake. Lakini sisi tulio mgongoni hatuna jirani wa juu. Juu yetu kuna mawingu peke yake. Hatuna wa kumlaumu, na tunaoweza kuwadhuru hatuwaoni: hawasali nasi, hawahudhurii mikutano yetu ya kijiji, hata lugha yao huenda hatuielewi. Maoni yangu ni kwamba hali hiyo inatuongezea wajibu. Kumtendea haki jirani ambaye kesho atakuja kugonga mlango ni rahisi. Haki hupimwa zaidi kwa yule asiyeweza kuja.

Kwamba maji yaweza kukoma si hadithi ya kutisha watoto. Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, ulianza kukauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha katika miaka ya 1990, na hali hiyo imejirudia mara nyingi tangu hapo. Sababu kubwa ilikuwa matumizi ya maji huko Usangu, hasa katika kilimo cha umwagiliaji. Mto Shire nao, kuanzia mwaka 1915 hadi 1935 hivi, ulikaribia kukoma kutoka ziwani, kwa kuwa Ziwa Nyasa lilikuwa limepungua. Kupungua huko kulitokana na mvua, si na mikono ya watu. Lakini kunatufundisha kwamba ziwa kubwa kiasi hicho lina ukingo mdogo wa usalama, maana sehemu kubwa ya maji yake hupotea kwa mvuke.

Tutazame pia taa zetu. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka Kilombero, na Ruhudji wetu ni mmoja wa mito inayoilisha Kilombero. Kwa upande mwingine, sehemu kubwa ya umeme wa Malawi hutoka katika mitambo ya Nkula, Tedzani na Kapichira, yote katika mto Shire. Tena kwa miaka mingi imekuwapo mipango ya mitambo miwili mkoani kwetu: mmoja katika Ruhudji, wenye maji yaendayo Rufiji, na mwingine katika Rumakali kule Makete, wenye maji yaendayo Ziwa Nyasa. Kwa hiyo taa ya mtu wa Dar es Salaam na taa ya mtu wa Blantyre, kwa sehemu fulani, huanzia katika vijito vya nyanda hizi.

Je, sisi tunavitendea nini vijito hivyo? Ndugu zangu, hapa lazima tuseme wazi. Milingoti imetusaidia sana. Imesomesha watoto, imejenga nyumba za bati, imetoa mbao na nguzo za umeme. Mlingoti haukutenda kosa. Kosa ni kuupanda mahali pasipostahili. Mti unaokua haraka hunywa haraka, na ukipandwa kwenye chemchemi au bondeni penye unyevu, mizizi yake hukaa ndani ya maji mwaka mzima. Afrika Kusini walilitambua jambo hili mapema: tangu mwaka 1972 waliweka utaratibu wa vibali vya kupanda misitu ya biashara, na sheria yao ya maji ya mwaka 1998 inauhesabu upandaji huo kuwa shughuli inayopunguza maji ya mito. Sisi tunapanda nguzo za kubebea umeme juu ya chemchemi zinazozalisha umeme wenyewe!

Hapa kwetu sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuharibu mazingira ya mahali hapo. Wengi wetu twaijua kwa jina la "mita sitini". Lakini nionavyo mimi, mita hizo hazipimwi kwa kamba moja. Anayesikia habari zake kwanza ni mama mwenye kinyungu, anayelima maharage na mboga bondeni wakati wa kiangazi ili watoto wasilale njaa. Mwenye ekari nyingi za milingoti katika bonde hilo hilo mara nyingi husikia mwisho, au asisikie kabisa. Kinyungu huonekana kwa kuwa mwenyewe yumo ndani yake na jembe lake. Miti hukua kimya, na mwenye miti pengine anaishi mjini. Sheria inayoanza na mnyonge na kumwisha huyo huyo haitaokoa mto, na itawafanya watu wauchukie mto wenyewe.

Atakuwapo atakayesema: "Padre, kwa nini sisi maskini wa milimani tuumie ili watu wa mabondeni na mijini wafaidi?" Swali hilo ni la haki, na sitalikwepa. Watumiaji wakubwa wa maji hulipa ada kwa bodi za mabonde. Naona ni haki kabisa sehemu ya fedha hizo irudi huku juu, iwe miche, mabomba na uchimbaji wa visima, ili anayeacha kulima penye chemchemi asiachwe mikono mitupu. Tulidai hilo kwa sauti na kwa adabu, kupitia madiwani wetu na mikutano ya vijiji. Ila dai letu litakuwa na nguvu zaidi tukilitoa tukiwa tumekwisha kuanza kazi, maana mwenye kudai ujira wa utunzaji sharti aonekane akitunza.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila jumuiya ndogo ndogo iteue siku moja kabla ya mvua za Novemba, iufuate kijito chake hadi kinapoanzia, na kuandika kilichopo ndani ya mita 60: ya nani, na tangu lini. Wazee waulizwe chemchemi zilizokuwapo utotoni mwao na ambazo leo hazipo. Pili, kamba ianze kunyoshwa katika mashamba ya parokia na ya taasisi zetu, kisha ya wenye mashamba makubwa, na vinyungu vifuate mwisho, huku wenye navyo wakiwa wamepatiwa mahali pengine pa kulima. Tatu, milingoti iliyoko chemchemini ikivunwa, visiki ving'olewe ili visichipue tena, na mahali pake ipandwe mivengi na miti mingine ya asili ambayo wazee wetu waliiacha kwenye maji kwa makusudi. Wenye viazi na parachichi nao wasioshe mabomba ya dawa katika kijito, kwa kuwa kinachooshwa hapa hunywewa chini.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kupata maji safi na salama ni haki ya msingi ya kila binadamu. Haki ya mtu mmoja huwa wajibu wa mwingine, na katika suala la maji wajibu huo humwangukia kwanza aliye juu. Hatutapewa shukrani. Mvuvi wa Manda hatajua jina la jumuiya iliyong'oa visiki, na mama wa Rufiji hatajua kwamba kuna mahali paitwapo Kifanya. Lakini mvua hatukuinunua, na mlima huu hatukuujenga. Tumevikuta, na vyote viwili vinapita mikononi mwetu kuelekea kwa wengine.

Viongozi wa jumuiya, pamoja na WAWATA, UWAKA na vijana, nawaomba mlijadili jambo hili katika sala zenu za juma hili na kuniletea tarehe mtakayopanga. Nami nitakuja, nikiwa na kamba na jembe.