Tusi kwa karani si jambo dogo

Ni rahisi kuchukulia tusi la rangi dhidi ya mtumishi wa umma kuwa ukorofi wa mtu mmoja, ilhali katika Kongo ya Wabelgiji tusi hilo lilikuwa sehemu ya utaratibu wa kazi wenyewe. Huko Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, kama kwingineko kolonini, Mwafrika aliambiwa "tu", yaani "wewe" ya Kifaransa wanayoambiwa watoto na marafiki, huku "vous", ambayo ni ya heshima, ikiwekewa Mzungu. Patrice Lumumba, aliyewahi kuwa karani wa posta Stanleyville, sasa Kisangani, aliitaja tofauti hiyo mbele ya Mfalme Baudouin wa Ubelgiji siku ya uhuru wa Kongo, tarehe 30 Juni 1960. Katika Kongo huru, amri-sheria ya tarehe 7 Juni 1966 inaadhibu maneno, ishara na maandishi yanayoonyesha chuki ya rangi, kabila au jimbo, hata yakitoka kwa mwananchi mwenzake karani. Kwa hiyo, mkuu wa ofisi anayemwambia karani avumilie tu anamnyima haki ambayo sheria imekwisha kumpa.