Je, Pasipo Mtawala Kuna Fujo Tu?



Wapendwa waamini, katika tafakari ya juma hili tunakusudia kutetea fikra ambayo wengi, wakiisikia tu, hufanya ishara ya msalaba. Inaitwa uanakisti, neno lenye asili ya Kigiriki lenye maana ya kukosekana kwa mtawala. Watu wengi hulitumia kana kwamba ni jina jingine la fujo. Lakini kiini cha fikra hiyo ni hiki: binadamu wanaweza kupanga maisha yao kwa hiari na makubaliano, na anayetaka kumlazimisha mwenzake ndiye anayepaswa kujieleza, wala si yule anayekataa kulazimishwa.

Hatusemi kwamba wote walioishika fikra hiyo walikuwa watakatifu. Wapo waliomkana Mungu, na wapo waliorusha mabomu. Hayo tunayakataa. Lakini ukweli haukosi kuwa ukweli kwa sababu umesemwa na mkosefu, na ukweli huu Waluguru hawana haki ya kuuita mgeni, kwa maana wazee wao waliuishi.

Kabla ya wakoloni, milima ya Uluguru haikuwa na mfalme wala sultani aliyewatawala watu wote. Ardhi ilikuwa ya ukoo, nasaba ilifuatwa kwa upande wa mama, na mkuu wa ukoo aligawa mashamba na kusuluhisha ugomvi. Kingalu wa Kinole aliheshimiwa mno kwa sababu ya mvua, lakini heshima hiyo haikumpa jeshi wala kodi. Watani walizika wafu wa watani wao pasipo hati ya kuitwa. Waingereza walipokuja na mtindo wao wa kutawala kwa kupitia wenyeji walitafuta mtawala, walipomkosa, wakamtengeneza. Hivyo ndivyo Uluguru ilivyopata Sultani wa serikali.

Matunda yake yalionekana katika miaka ya 1950. Serikali ya kikoloni iliona kweli kwamba udongo wa milimani unamomonyoka, ikaanzisha mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru. Wakulima wakaamriwa kuchimba matuta ya ngazi na kuacha kuchoma mashamba, na mkaidi akakabiliwa na faini au kifungo. Wakulima walieleza kwamba mahali penye udongo mwembamba, matuta yale yalifukia rutuba na kuleta juu udongo usiozaa. Hawakusikilizwa. Mwezi Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo kuupinga mpango huo; polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akauawa. Baada ya hapo mpango wenyewe ukaachwa. Lakini huko Mgeta, ambako mboga zilimwagiliwa na kupata soko, wakulima walilima juu ya matuta ya ngazi kwa hiari yao. Basi ugomvi haukuwa juu ya tuta. Ulikuwa juu ya nani aamue tuta lichimbwe wapi, na kwa faida ya nani.

Inafaa kujua kwamba mwezi mmoja tu kabla ya hapo, Juni 1955, mama mmoja Mkatoliki alikamatwa mjini New York kwa kukataa kushiriki zoezi la serikali la kujikinga na bomu la nyuklia. Ni Dorothy Day, ambaye pamoja na Peter Maurin alianzisha harakati ya Mfanyakazi Mkatoliki mwaka 1933. Harakati hiyo iliwalisha maskini na kuwapa makao pasipo kuomba ruhusa wala fedha za serikali. Hakuona haya kuitwa mwanakisti, na Misa hakuikosa. Mwaka 1970 alifika hata hapa Tanzania. Leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu.

Sasa tujibu pingamizi tunazozisikia mara kwa mara.

Pingamizi la kwanza: Mtume Paulo, katika sura ya 13 ya Waraka kwa Warumi, anaagiza utii kwa wenye mamlaka. Ndiyo, na hatumfuti Mtume. Lakini Paulo huyohuyo, kwa mapokeo ya Kanisa, aliuawa na mamlaka ya Roma kwa sababu hakutii kila amri. Petro naye aliwaambia wakuu wa baraza kwamba Mungu ndiye wa kutiiwa kwanza. Katekisimu inafundisha kwamba raia analazimika katika dhamiri kukataa amri iliyo kinyume cha maadili. Someni pia sura ya 8 ya Kitabu cha Kwanza cha Samweli: watu walipodai mfalme, Mungu aliwaonya kwamba atawachukulia wana, mabinti, mashamba na mifugo. Mfalme aliruhusiwa, lakini onyo halikufutwa.

Pingamizi la pili: binadamu ana dhambi ya asili, hivyo ahitaji wa kumtawala. Tunakubali sehemu ya kwanza kwa moyo wote. Lakini je, mtawala amezaliwa na nani? Naye ni mtoto wa Adamu. Ikiwa hatuwezi kumwamini mtu mwenye jembe, tutamwaminije mtu yuleyule tukimkabidhi bunduki, hazina na gereza? Fundisho la dhambi ya asili, likifikiriwa hadi mwisho, linadai mamlaka yagawanywe na yasimamiwe kwa karibu.

Pingamizi la tatu: bila dola, nani atawazuia wezi? Hili ni zito, kwa maana tumeona watu wenye hasira wakimchoma kijana kwa tuhuma ya kuku mmoja, na wazee wakiuawa kwa tuhuma za uchawi. Tuseme wazi: hayo ni mauaji, nayo ni utawala wa mabavu uliovaa kaniki badala ya sare. Kujitawala maana yake ni baraza: mshitakiwa asikilizwe, shahidi aulizwe, aliyeiba alipe. Na pale jamii ndogo inapogeuka kumwonea mjane, lazima kuwe na mlango wa kukimbilia. Hapa tunaachana na wanakisti wenye msimamo mkali, kwa maana Kanisa linafundisha kwamba mamlaka halali ina wajibu wa kulinda mafaa ya wote.

Pingamizi la nne: vijiji vidogo havina uwezo wa mambo makubwa. Tuitazame Ruvuma. Katika miaka ya 1960, wakulima wa Litowa na vijiji vingine karibu na Songea waliungana kwa hiari katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Walilima pamoja, wakaamua mambo katika mikutano yao wenyewe, wakaanzisha shule yao na mashine ya kusaga nafaka. Mwalimu Nyerere aliwasifu. Haikuwa njaa wala ugomvi wa ndani uliokivunja chama hicho. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja, kwa sababu kilijiendesha chenyewe. Mwaka mmoja tu kabla yake, katika andiko lake la Uhuru na Maendeleo, Mwalimu alikuwa ameeleza kwamba watu hawaendelezwi na mtu mwingine bali hujiendeleza wenyewe. Miaka michache baadaye mamilioni walihamishiwa vijijini kwa amri, na wengine kwa nguvu. Ujamaa wa hiari ulivunjwa, ule wa kulazimishwa ukashindwa, kisha tukaambiwa kwamba wananchi hawakuwa tayari!

Pingamizi la tano huja kwa tabasamu: mbona Kanisa lenyewe lina Papa, maaskofu na mapadre? Kweli linao. Lakini Bwana aliwakataza mitume wake kutawala kama wakuu wa mataifa, akawaosha miguu. Daraja Takatifu ni utumishi, na padre anayeligeuza kuwa enzi analipinga agizo la Bwana, wala hana Injili ya kujitetea. Papa Pius XI, mwaka 1931, alifundisha katika waraka wake Quadragesimo Anno kanuni auni: jambo ambalo jumuiya ndogo inaliweza, ni dhuluma kwa jumuiya kubwa kulinyang'anya. Maaskofu wa Afrika Mashariki nao, katika miaka ya 1970, waliamua kwamba Kanisa lijengwe juu ya Jumuiya Ndogondogo za Kikristo, yaani juu ya nyumba chache zinazofahamiana.

Wapendwa, haya si mambo ya kale. Mto Ruvu unaoinywesha Dar es Salaam hupokea maji ya milima yetu, na kila ukame unapokuja, mkulima wa mlimani huitwa mharibifu na amri huandaliwa mbali naye. Misitu na vyanzo vya maji ni lazima vitunzwe; anayekana hilo anawaonea wajukuu wake. Lakini Matombo imekwisha kutufundisha kwamba mlima hautunzwi kwa kumdharau anayeulima. Amri isiyomsikiliza hudumu hadi askari anapoondoka.

Basi juma hili, kila Jumuiya ijiulize: ni jambo gani tunasubiri Mwenyekiti, Diwani au Paroko alifanye, nasi tunaliweza? Chemchemi ipi tunaweza kuipandia miti kwa makubaliano yetu? Ni mgogoro gani wa mpaka tunaweza kuumaliza kwa kuketi pamoja kabla ya kwenda barazani? Anayejizoeza kuamua na kutimiza mambo madogo hatanyang'anywa kwa urahisi yaliyo makubwa.

Mungu Mwenyezi, aliyetuumba huru, atujalie kuutumia uhuru huo kwa upendo. Amina.